Kalibu Mbichi

Mwezi wa Asar, siku ya 4

Mvua imeingia leo asubuhi, na aliyekimbia ni mimi peke yangu. Kalibu zote za mikono ya sanamu zilikuwa barazani zikipigwa na upepo. Nimezibeba moja moja kifuani mpaka ndani, huku Asta amesimama mlangoni akinitazama, kikombe cha chai mkononi. Asta ni mume wangu. Kazi yake ni kuyeyusha shaba na kuimimina. Udongo haumhusu, ndivyo anavyosema, hata ukiwa unaloa mbele ya pua yake.

Nta na udongo ni vyangu. Nta naichonga, kisha naipaka udongo laini wa samadi, kisha udongo mzito wa makapi ya mpunga, kisha nangoja. Kalibu hukaukia kivulini, polepole, na hakuna dawa ya kuiharakisha. Unaigonga kwa kifundo cha kidole. Ikiwa kavu inajibu kwa sauti kali. Ikiwa mbichi inanyamaza. Msimu wa mvua zinanyamaza zote, na nyumba nzima inanuna.

Mwaka huu tuna kazi kubwa. Monasteri moja kule Boudha imeagiza sanamu ya mungu wetu wa kike, Tara, ukubwa wa mtu mzima aliyekaa, na wanamtaka kabla ya sikukuu ya Dashain, mvua zikiisha. Mikono na kiwiliwili vinakwenda vizuri. Kichwa bado. Kichwa siku zote ni cha Baba mkwe, ila mikono ya Baba mkwe imeanza kutetemeka tangu kipupwe kilichopita na hakuna anayethubutu kulisema. Mimi tangu nilipoletwa nyumba hii na shela langu nimechonga vidole. Miungu yote iliyotoka hapa Patan kwa jina la ukoo huu, vidole vyao ni vyangu. Sasa uso utakuwa wangu, maana hakuna mwingine. Nakiangalia kile kiti cha dirishani cha mchonga nyuso, chenye mto uliochakaa, na naona haya jinsi ninavyokitamani.

Asar 5

Mvua.

Asar 11

Nhuchhe, mdogo wake Asta, tulimtuma milimani kununua nta ya nyuki. Amerudi na nta na mke.

Jina lake Mendo. Ni Mtamang, wa vijiji vya juu kule, mashavu mekundu, miguu mipana, na lugha yetu anaivunjavunja kama njugu. Walioana njiani kwa namna wanayoijua wenyewe. Baba mkwe hakumtazama. Aliichukua nta, akainusa, akabonyeza kwa kucha, akasema, "Nta ni nzuri." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi ya bibi harusi.

Jiko letu liko juu kabisa, ghorofa ya mwisho, na chumba cha miungu kiko ubavuni pake. Asiye wa jamii yetu hapandi ngazi ya mwisho. Kwa hiyo Mendo atakula ngazini, na sahani yake itakaa peke yake. Mimi ndiye niliyemweleza, kwa kuwa wanaume walijifanya wana shughuli. Aliitikia kwa kichwa, akakaa pale pale nilipomwonyesha. Nhuchhe alichukua sahani yake akashuka kula naye, uso umemwiva kwa ushujaa. Nikajisemea, tutaona.

Asar 16

Nhuchhe leo amekula jikoni. Ngazi zina baridi, amesema.

Asar 20

Mtu hawezi kulishwa bure, kwa hiyo nimempa Mendo kazi ya kukanda nta. Ndiyo kazi ya chini kuliko zote. Unachanganya nta na utomvu na samli, unatwanga, unakunja, unatwanga tena mpaka mabega yanawaka moto. Nilifanya kazi hiyo miaka yangu ya kwanza na mama mkwe akinisimamia na kijiti. Mimi sikushika kijiti. Nilikaa tu nikisema, "Bado." Akitwanga tena nasema, "Bado." Ilikuwa tayari tangu zamani.

Mchana nilimshushia ukoko, wali ulioshika chini ya sufuria, mgumu na mweusi kidogo. Aliutafuna kwa furaha.

"Asante, Dada," aliniambia. "Kwetu huu tunaugombania."

Nilipanda juu nimekasirika na sikujua nimekasirikia nini.

Asar 29

Leo jambo limetokea nami sijalipenda.

Baba mkwe alikuwa akipita kwenda chooni, akasimama karibu na Mendo kwa muda mrefu. Nikadhani amepata kizunguzungu. Nilipokwenda kumshika mkono nikaona alichokuwa akikiangalia. Msichana alikuwa amepumzika kutwanga, na kwenye tonge la nta mkononi mwake alikuwa amefinya uso. Uso mdogo, si mkubwa kuliko ndimu. Hakutumia kijiti cha pembe wala kipimo. Dole gumba tu.

Baba mkwe akamwuliza nani amemfundisha. Ndiyo mara ya kwanza kusema naye. Akajibu kwamba mjomba wake ni lama, kuhani wa kijiji, na mtu akifa wao hufinyanga sadaka za unga wa mchele, watu na wanyama na miungu, na yeye alikuwa akimfinyangia mjomba nyuso tangu mdogo. Kisha sadaka zinatupwa nje, kunguru wanakula. Aliyasema hayo kwa kawaida tu, kisha akaukunja ule uso, akaurudisha kwenye nta na kuendelea kutwanga.

Baba mkwe alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa.

"Ufanye tena," alimwambia.

Saun 3

Lama mzee wa Boudha amekuja kuangalia kazi. Baba mkwe alikuwa ameniagiza nichonge uso wa Tara kwa nta, na akamwagiza Mendo vilevile, kila mtu pembe yake, na wa kwangu nilihangaika nao mchana na usiku. Paji, pua, masikio, yote kwa kipimo cha mababu. Sikukosea hata mahali pamoja.

Nyuso mbili zikawekwa juu ya ubao chini ya kitambaa. Lama hakuambiwa ni za nani. Kitambaa kilipofunuliwa, wangu hakuuangalia hata kidogo. Aliinama kwenye ule mwingine, akautazama, kisha akashusha sauti kana kwamba mtu amelala chumbani.

"Huyu anasikia," alisema.

Nilimwomba Baba mkwe aniambie wangu una kasoro gani. Heri ningenyamaza. Aliuinua kwa vidole vyake vinavyotetemeka, akaugeuza huku na huku mbele ya watu wote, mbele ya lama, mbele ya Mendo.

"Mkwe," akasema, "umemchonga marehemu mke wangu akihesabu mayai. Apumzike kwa amani, lakini nani atamwomba huyu kitu?"

Asta alicheka. Nhuchhe alicheka. Lama alijifanya anakohoa. Mendo peke yake hakucheka, na hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Saun 4

Sikushuka karakanani. Nimesema naumwa tumbo.

Saun 5

Nimeshuka. Mto wangu umehamishiwa karibu na mlango, kwenye upepo. Kwenye kiti cha dirishani amekaa Mendo.

Saun 14

Leo ni Gathemangal, siku ya kufukuza mashetani mjini. Vijana wamebeba lile shetani la matete, wamelitukana njia nzima, wakalikokota hadi mtoni. Sisi tumevaa pete za chuma na kugongelea misumari juu ya milango ili lililotoka lisirudi.

Nilichukua msumari mkubwa kuliko wote nikaugongelea juu ya mlango wa Mendo. Kwa ndani si kwa nje. Mjini hapa hata mtoto anajua maana yake. Msumari wa nje humzuia shetani asiingie, wa ndani humfungia humo humo. Nhuchhe aliuona akaangalia chini. Baba mkwe aliuona akapita.

Mendo aliuona jioni, akanifuata hadi chini ya ngazi ya mwisho na kusimama pale, kwa kuwa hapandi.

"Dada, umenikumbuka," aliniambia. "Nilidhani mlango wangu mtausahau."

Nikamwambia si kitu.

Saun 15

Ngoma za mwezi wetu wa ibada zimeanza. Kila alfajiri waumini wanapita wakipiga kuelekea mahekaluni, wameloa chapachapa. Kalibu za mikono zimejibu. Kiwiliwili kimejibu.

Saun 22

Uso umekwisha.

Nitaandika ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Ni mzuri. Ni mzuri kiasi kwamba niliuonea wivu hata kabla ya kuuona vizuri, kwa jinsi Asta alivyosimama mlangoni na koleo la makaa mkononi akasahau alichofuata. Mdomo umefunguka kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina lake naye anataka kuitika. Baba mkwe amekaa mbele yake kuanzia asubuhi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Miaka yote hii sijawahi kumwona akililia kitu, hata msiba wa mkewe.

Chakula cha mchana Mendo alikula palepale ngazini. Uso wa mungu anaufanya yeye, ila ngazi ya mwisho ni ileile. Baba mkwe alimpelekea kipande cha nyama ya nyati kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, akakidondosha kutoka juu bila kumgusa.

Saun 25

Nimeufunika. Tabaka la kwanza la udongo lazima liwe jembamba kama malai, na lipakwe kwa brashi laini ili liingie kila mkunjo. Hakuna anayejua kulipaka kuliko mimi. Nilianza na paji, nikashuka kwenye macho, na mdomo nikauacha mwisho. Mendo alikuwa amesimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu.

"Nitauona tena lini?" aliuliza.

"Ukitoka shaba," nilimwambia. "Nta itayeyuka. Huu wa nta hakuna atakayeuona tena."

Hakuwa amelijua hilo. Hakuna aliyemwambia. Kwao unga unaliwa na kunguru, lakini angalau unawaona wakila. Alikodoa macho kwenye udongo mpaka mdomo ukafunikwa.

Bhadau 2

Mvua. Kalibu ya kichwa haijajibu.

Bhadau 6

Mvua. Haijajibu. Mendo anaulizia kila siku kama mama mwenye mtoto hospitalini.

Bhadau 9

Mvua. Nje imejibu. Ndani bado. Kichwa ni kitupu, kwa hiyo kuna kiini cha udongo ndani yake, na kiini ndicho kinachochelewa. Unaingiza kidole shingoni unagonga humo. Kinanyamaza.

Bhadau 15

Lama ametuma mtu. Sherehe ya kumweka Tara sasa itafanywa mapema zaidi, na wanataka kujua kama nyumba yetu inaweza au waende kwa jirani. Baba mkwe aliniita.

"Mkwe, kichwa kimekauka?"

Nilikwenda kukigonga. Nilikigonga nje, kikajibu. Nikaingiza kidole shingoni nikagonga kiini. Nilisikia nilichosikia. Niliinusa ile harufu ya udongo usiokauka, nzito, ya kisimani. Dirishani Mendo alikuwa amekaa kwenye ule mto nilioutamani, jua dogo lililopenya mawingu likimwangukia mabegani, anachonga sikio la mungu mwingine ambaye nami ningepewa vidole vyake tu. Na mwingine baada ya huyo. Na mwingine.

Kalibu mbichi hupasuka motoni. Si jambo geni. Zimepasuka nyingi nyumba hii, watu wakatukana wakaanza upya. Na uso wa nta ukishapotea umepotea.

Nilitoka nikamwambia Baba mkwe kwamba kimekauka.

Bhadau 17

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Tanuri liliwashwa uani tangu alfajiri. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi mwingi kuliko moto. Baba mkwe alifanya ibada, akamwaga mstari wa unga wa mchele kizingitini. Baada ya hapo mtu wa nje havuki mpaka shaba ipoe. Hiyo ndiyo desturi, na kila nyumba ya mafundi wa shaba hapa mtaani inaifuata, na kila nyumba ina hadithi ya nani alivuka na nini kikatokea.

Nta iliyeyushwa ikatoka. Kalibu zikaingia motoni. Asta alikuwa amevua shati, jasho linamchuruzika, na kabla ya kuinua chungu cha shaba aliniita kupitia mlango.

"Tirtha, kiini ulikigonga?"

"Nilikigonga."

"Kilijibu?"

"Kilijibu," nikasema.

Kisha akaomba maji. Nilikuwa nimekaa ndani ya mlango wa uani nikitwanga vitunguu saumu, mikono inanuka, na mtungi ulikuwa karibu na Mendo. Nikamwambia, "Mpelekee shemeji yako maji." Alichukua bakuli akaenda. Kwenye kizingiti alisita, akaniangalia. Nikamwashiria kwa kidevu aendelee. Akavuka. Asta alikunywa, akainua chungu, akaanza kumimina kwenye kalibu ya kichwa.

Sikusikia mlio wa kalibu kupasuka. Wengine wanasema ulisikika mpaka sokoni. Mimi nakumbuka mwanga tu, na Asta akiwa amesimama, chungu kimemtoka mikononi, na uso wake umegeuka kuwa kitu cha rangi ya chungwa. Kisha akaanza kulia. Nhuchhe alikimbilia ukutani akajibana. Baba mkwe alianguka. Mimi nilisimama mlangoni na mchi mkononi.

Mendo ndiye aliyekwenda. Alimrukia Asta, akamlaza chini, akaichomoa ile shaba kutoka kifuani na usoni kwake kwa mikono mitupu, kipande baada ya kipande, kama mtu anayeondoa tope. Alivua kitambaa chake cha kiunoni akamfunika nacho. Hakupiga kelele hata mara moja mpaka alipomaliza. Alipotazama mikono yake ndipo alipopiga.

Bhadau 18

Asta ataishi. Macho yote mawili yamekwenda. Daktari alisema hivyo kwa upole akashika mwavuli wake akaondoka.

Baba mkwe aliketi uani kwenye vigae vya kalibu, akauliza swali moja. Hakuuliza kama kalibu ilikuwa kavu. Sikutarajia aulize. Nyumba zote hizi kitu kikipasuka swali ni moja.

"Nani alivuka?"

Unga ulikuwa bado pale kizingitini, na katikati yake unyayo mpana.

Mendo alisema, "Dada aliniambia nimpelekee shemeji maji." Alisema bila hasira, kana kwamba anakumbusha tu jambo ambalo sote tunalijua.

Wote walinigeukia. Nilimtazama Mendo usoni.

"Sikumwambia," nikasema.

Na Nhuchhe, yule shujaa wa ngazini, mumewe, ambaye alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu na kusikia kila neno, aliinamisha kichwa akasema labda msichana hakuelewa lugha vizuri. Nilidhani ningefurahi. Nilimchukia papo hapo, na bado namchukia.

Baba mkwe alimtukana Mendo kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Kadiri alivyotukana ndivyo nilivyoelewa kwamba anajitukana mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyemkalisha dirishani. Hilo halikumsaidia Mendo hata kidogo.

Bhadau 20

Ameondoka. Mvua ilikuwa ikinyesha.

Nilikuwa nazitakasa ngazi kwa samadi na maji, kama nilivyoagizwa, pale alipokuwa akikaa kula. Alikuja na kifurushi chake. Mikono yake imefungwa matambara yaliyopakwa samli, mikubwa kama mabuyu, na vidole havionekani. Alikuwa ameshindwa kufunga fundo.

"Dada, nifungie."

Nikamfungia. Nhuchhe alikuwa amelala ndani, kichwa kinamwuma. Nilimtwika kifurushi mgongoni nikakaza kamba kwenye paji lake kama wanavyobeba kwao. Alikuwa karibu nami sana, ananuka samli na kidonda.

"Uso ulitoka?" aliniuliza. "Hata kidogo?"

Nilikuwa nimeuona. Nilipokuwa nachambua vigae uani nilikipata kipande kimoja, kidevu na mdomo, shaba safi, bila tundu hata moja. Ule mdomo uliotaka kuitika. Nilikuwa nimeutupa kwenye kapu la mabaki ya kuyeyushwa, na kapu lilikuwa nyuma ya mlango, karibu na mguu wake.

"Haukutoka," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akashuka. Baadaye, nilipokuwa nakwangua ukoko wa sufuria, niliuweka kwenye sahani yake kabla ya kukumbuka. Niliutupia kunguru.

Bhadau 24

Asta ameanza kuongea. Amefungwa kitambaa usoni na analishwa uji na mimi. Leo alimeza kijiko kimoja akashika kiwiko changu.

"Ulikigonga?"

"Nilikigonga."

"Kilisema nini?"

"Kilijibu. Yule msichana alivuka, Asta. Wote waliona unyayo."

Kisha akafungua mdomo, nami nikadhani anataka kusema, kumbe anangoja kijiko kingine. Hakuniuliza tena.

Bhadau 27

Baba mkwe amenipa uso. Alinionyesha kiti kwa mkono bila kunitazama. Nimekaa. Mto una shimo katikati, umbo la mtu mwingine, na nimeupigapiga mpaka umejaa.

Asoj 3

Nimeuvunja mara nyingi. Kila nikiuangalia naona mtu anahesabu mayai.

Asoj 13

Baba mkwe alisema uachwe hivyo hivyo, hakuna muda. Jua limetoka. Kalibu zinakauka haraka, haijawahi kuwa rahisi namna hii. Shaba ilimiminwa na mtu wa kukodi. Kapu zima la mabaki liliingia chunguni, na nilisimama nikiangalia mpaka mdomo ule ulipolegea na kuwa kama wengine wote.

Asoj 18

Tara amepelekwa Boudha. Amepakwa dhahabu, anang'aa, hana hata ufa. Watawa walimzunguka. Lama mzee alikuja mbele yake akasimama kwa muda mrefu, akaangalia juu, akaangalia chini, akatafuta kitu cha kusema kwa adabu. Nilikuwa nimevaa kitambaa changu kizuri cha harusi. Nilisimama mbele ili anione.

"Vidole," alisema hatimaye. "Vidole ni vizuri mno."

Asoj 23

Mvua imekwisha kabisa. Mlima unaonekana, mweupe wote.

Asta sasa anakaa karakanani nyuma yangu, kwenye mkeka. Amesema hawezi kukaa bure. Analetewa kalibu zote mapajani, anazigonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa na kusikiliza, kisha anasema, "Kavu," au, "Mbichi." Hajakosea hata mara moja. Baba mkwe anamsifu kila siku, anasema afadhali angekuwa akizigonga yeye tangu mwanzo, na Asta anajibu kwamba ndiyo, afadhali.

Asubuhi yote nimechonga nikimsikia mgongoni. Ko, ko. Kavu. Ko, ko. Mbichi. Kalibu zilipokwisha akaniita.

"Tirtha, sogea."

Nikasogea, nikapiga magoti mbele yake. Nilidhani anataka kusimamishwa. Mkono wake ulinitafuta, ukapata bega, ukapata shingo, ukashuka mpaka kwenye mfupa wa kifua. Hapo akakunja kidole na kunigonga mara mbili, si kwa nguvu. Akainamisha kichwa chake kilichoungua karibu kabisa na kifua changu, akasikiliza kama anavyosikiliza zote.

"Hii imekauka," akasema.

Kisha akaomba chai, nami nikapanda jikoni kumtengenezea.